Kulinganisha kwa Kihispania: Mwongozo kwa Anayefikiri kwa Kiswahili

Ubishi wa Messi na Cristiano Ronaldo umeshawachosha wengi vijiweni, lakini kwa anayejifunza Kihispania una faida kubwa: karibu kila muundo wa kulinganisha umo ndani yake. Nani mrefu, nani kamzidi mwenzake umri, nani ana tuzo nyingi, nani bora. Ukiweza kubishana hayo yote kwa Kihispania bila kuteleza, sehemu kubwa ya somo hili umeimudu.

Vitabu vingi vya Kihispania tunavyovipata huku vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hujikuta anatoka Kiswahili, anapitia Kiingereza, ndipo afike Kihispania, na njiani anaokota makosa ambayo si ya kwake. Katika ulinganishi, mara nyingi Kiswahili chako kinakufikisha haraka zaidi. Twende nacho moja kwa moja, na pale lugha hizi mbili zinapoachana nitakuonyesha.

Anza na más

Muundo wa msingi ni huu: más, kisha kivumishi, kisha que.

Cristiano es más alto que Messi. Cristiano ni mrefu kuliko Messi.

Tazama sentensi ya Kiswahili. Neno "mrefu" liko vilevile kama ungekuwa humlinganishi na mtu, na kazi yote imeachiwa "kuliko". Kihispania hakikubali hivyo. Kinataka ulinganisho utangazwe mapema, kabla ya kivumishi, na anayeutangaza ni "más". Ndiyo maana kosa la kwanza la Mswahili ni kusema "Cristiano es alto que Messi". Neno kwa neno imefuata Kiswahili, lakini Mhispania hataipokea kama ulinganisho. Jizoeze hivi: kila kichwani linapokuja "kuliko", ulimi utangulie na "más". Wengine huwasaidia kuwaza "zaidi mrefu kuliko", ingawa Kiswahili chenyewe hakisemi hivyo.

Upande wa pili wa mizani ni "menos": Messi es menos alto que Cristiano. Ni sahihi, ila kwenye mazungumzo watu hupenda zaidi kusema "no es tan alto como", yaani si mrefu kama. Huo tutaufikia.

Kwenye maandishi, "más" ina alama juu ya herufi a. Bila alama, "mas" ni neno jingine la vitabuni lenye maana ya "lakini". Kwenye simu, bonyeza a na ushikilie mpaka herufi zenye alama zijitokeze. Nayo "que" hutamkwa "ke". Hiyo u haisikiki.

Kivumishi kinamfuata nani?

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji ambao Mwingereza hana. Wewe umezoea upatanisho tangu utotoni. Unasema "mti ni mrefu kuliko nyumba", na ukigeuza unasema "nyumba ni ndefu kuliko mti", bila kufikiri. Kihispania kinafanya vivyo hivyo kwa jinsia na idadi:

El árbol es más alto que la casa.
La casa es más alta que el árbol.

Kivumishi kinapatana na kile kinachosifiwa, kilichotajwa kwanza, na kile cha baada ya "que" hakina neno lolote juu yake. Wakiwa wengi, nacho kinaongezeka: Las casas son más altas que el árbol.

Kuna pia vivumishi ambavyo havibagui kiume na kike: grande, fuerte, fácil, caliente. Vichukulie kama "rahisi", "ghali" na "safi", ambavyo havipokei viambishi vya ngeli. Tofauti ni kwamba vya Kihispania bado vinabadilika kwa wingi: fáciles, fuertes. Kwa hiyo, "maswali haya ni rahisi kuliko yale" ni "Estas preguntas son más fáciles que aquellas".

Mkubwa, mdogo, bora, mbaya

Maneno manne hayapitii njia ya "más": mejor (bora zaidi), peor (mbaya zaidi), mayor (mkubwa) na menor (mdogo). Hayabadiliki kwa jinsia, ila kwa wingi yanaongezewa -es: mejores, peores, mayores, menores. Na kwa kuwa "zaidi" tayari imo ndani yake, usiyawekee "más" tena. "Más mejor" ni kosa ambalo Mhispania atalisikia papo hapo.

Herufi j katika "mejor" ni ile kh ya watu wa Pwani wanapotamka "kheri" kwa asili yake. Anayeweza kutamka kheri vizuri hahitaji kufundishwa "mejor".

Sasa chukua "mayor", na hapa ndipo Kiingereza kinapowapotosha wengi. Mwanafunzi anayepitia Kiingereza hutafuta namna ya kusema "mzee zaidi" na kuishia na "más viejo". Wewe waza Kiswahili. Tunasema "kaka mkubwa" na "dada mdogo", na tunaposema "mimi ni mkubwa kuliko yeye" kila mtu anajua tunazungumzia umri. Kihispania ni hivyo hivyo: hermano mayor, hermana menor. Cristiano alizaliwa 1985 na Messi 1987, basi:

Cristiano es mayor que Messi. Messi es menor que Cristiano.

"Más viejo" iachie vitu: gari, nyumba, viatu. Ukimwambia mama wa mtu kwamba ni "más vieja" kuliko jirani yake, umemwambia amechakaa.

Kwa ukubwa wa umbo, chumba au uwanja, tumia "más grande" na "más pequeño": El Camp Nou es más grande que el Bernabéu. Kwa mambo yasiyoshikika, "mayor" inarudi: el mayor problema, tatizo kubwa kuliko yote, la mayor parte, sehemu kubwa. Ukifika Meksiko au Argentina utasikia watu wakisema "es más grande que yo" wakimaanisha umri, na "más chico" kwa mdogo. Huko ni kawaida. Wewe zoea "mayor" na "menor", kwani zinaeleweka kila mahali.

"Más bueno" nayo ipo, lakini kwa kazi maalumu ya kusifu moyo wa mtu. Wahispania wana msemo "es más bueno que el pan", ni mwema kuliko mkate, kwa mtu mpole asiye na makuu. Angalia kitenzi lakini. Ukisema "está más bueno que el pan", nchini Hispania umesema kwamba mtu huyo anavutia kimwili. Herufi mbili tatu tu zinaweza kukuletea maneno na mwenye mume.

Jambo la mwisho hapa. "Mejor" na "peor" hufanya pia kazi ya kielezi, maana ya "vizuri zaidi" na "vibaya zaidi", na kielezi hakina wingi. Ellas son mejores: wao ni bora. Ellas cantan mejor: wao wanaimba vizuri zaidi. Usiseme "cantan mejores".

Que au de?

Hili ndilo jambo linalowasumbua wanafunzi wengi kuliko yote, na tena Kiswahili kina ufunguo wake. Sisi tunatofautisha "kuliko" na "zaidi ya". Tunasema "zaidi ya watu mia", hatusemi "kuliko watu mia". Kihispania kina mpaka uleule: mbele ya idadi tumia "de", mbele ya mtu au kitu unacholinganisha naye tumia "que".

Messi tuzo zake za Ballon d'Or ni 8, Cristiano 5. Basi:

Messi tiene más Balones de Oro que Cristiano. Ana nyingi kuliko Cristiano.
Messi tiene más de cinco. Ana zaidi ya tano.
Messi tiene tres más que Cristiano. Ana tatu zaidi.

Wakati, bei, umbali, umri na visehemu vyote vinafuata "de": más de dos horas, más de veinte euros, más de la mitad. Tahadhari moja: Kiswahili huweza kusema "anajua zaidi yangu" au "zaidi ya mimi". Hapo hakuna idadi, kuna mtu, kwa hiyo ni "sabe más que yo". Kipimo chako kiwe namba, kisiwe neno "ya".

Na ni "que yo", "que tú", "que él". Aliyepitia Kiingereza huponyokwa na "que me". Kiswahili kinasema "kuliko mimi", na "mimi" hapo ndiyo "yo" yenyewe.

Ukikutana na "no... más que" mbele ya namba, maana yake inahama. "No tengo más de diez euros" ni kwamba euro zangu hazizidi kumi. "No tengo más que diez euros" ni kwamba nina euro kumi tu, basi. Sokoni tofauti hiyo ina uzito wake.

Halafu kuna "kuliko nilivyofikiri". Hapa kinachofuata "kuliko" ni kitenzi kizima. Kiswahili kinatia -vyo- ndani ya kitenzi. Kihispania kinabadili "que" kuwa "de lo que":

Es más caro de lo que pensaba. Ni ghali kuliko nilivyofikiri.
Habla mejor de lo que escribe. Anaongea vizuri kuliko anavyoandika.

Kila ukisikia hiyo -vyo- ikija, weka "de lo que". Ikiwa kinacholinganishwa ni kiasi cha kitu chenye jina, "lo" inageuka kufuata jina hilo: Compra más libros de los que puede leer, ananunua vitabu vingi kuliko anavyoweza kusoma. Tiene más paciencia de la que yo tengo. Hatua hii iache ikae polepole. Ukiwa na "de lo que" mkononi, utaeleweka vizuri wakati ukijifunza hizo nyingine.

Kama: tan na tanto

Kwa usawa, Kihispania kinatumia "tan... como" na kivumishi kikiwa katikati. Kosa la Mswahili ni lilelile la mwanzo. Sisi tunasema "mrefu kama baba yake", hakuna kitu mbele ya "mrefu". Kihispania kinataka: Es tan alto como su padre. Ukiondoa "tan" unabaki na tashbihi, kama "fuerte como un toro", mwenye nguvu kama fahali. Ni Kihispania kizuri, ila hakuna anayempima mtu na fahali kwa mizani.

Mbele ya nomino, "tan" inakuwa "tanto" na inapatana: tanto dinero, tanta paciencia, tantos amigos, tantas preguntas. Baada ya kitenzi inabaki "tanto como": Trabaja tanto como tú. "Como" hapa haina alama. Ile yenye alama, "cómo", ni ya kuuliza "vipi".

Utasikia pia "igual de": Es igual de alta que su hermana. Hapo rudi kwenye "que".

Mlimani Kilimanjaro

Waongoza watalii wa Moshi na Arusha ni miongoni mwa watu wetu wanaokitumia Kihispania kazini, na kwao ulinganishi ni mkate wa kila siku. Tuuone ukifanya kazi.

Kundi la Wahispania limefika kambi ya Horombo kwa njia ya Marangu, takriban mita 3,720. Mgeni anahema, anauliza yuko juu kiasi gani. Namba peke yake haimwambii mengi. Lakini mlima mrefu kuliko yote nchini mwake ni Teide, kisiwani Tenerife, wenye mita 3,715. Mwambie:

Aquí estamos casi a la misma altura que la cima del Teide, la montaña más alta de España.

Ataelewa hapo hapo, na pengine ataomba kupigwa picha. Angalia mambo mawili. "La misma altura que", urefu uleule na, inachukua "que", wala si "como". Na "la montaña más alta de España" ina "de". Sisi tunasema "mrefu kuliko yote nchini", na hiyo -ni inatusukuma kuweka "en". Usikubali. Kwa "kuliko wote" weka el, la, los au las mbele, na eneo lifuate kwa "de": la montaña más alta de África, el mejor de la clase, los peores del año.

Kesho yake, njiani kwenda Kibo, baridi imeongezeka. Hoy hace más frío que ayer. Bibi mmoja kundini anasema "estoy más cansada que ayer", na mumewe "estoy más cansado": kila mmoja na mwisho wake. Mwingine atakwambia "es más duro de lo que pensaba". Na wewe unataka kuwaeleza kwa nini mlimani tunasema pole pole. Kiswahili kina "kadiri... ndivyo"; Kihispania kina "cuanto más... más" au "mejor":

Cuanto más despacio subimos, mejor nos sentimos. Kadiri tunavyopanda taratibu, ndivyo tunavyojisikia vizuri.

Akija Muargentina, ujue kwamba kwao kuna Aconcagua, mita 6,961, na Kilimanjaro ni mita 5,895. Usimwambie huu ni mrefu kuliko wa kwao. Mwambie El Kilimanjaro es la montaña más alta de África, hapo hana la kubisha. Mmeksiko naye kwao ana Pico de Orizaba, mita 5,636, basi huyo unaweza kumtambia kidogo: Es un poco más alto que el Orizaba.

"Un poco más" ni "kidogo zaidi". Kwa tofauti kubwa sema "mucho más": mucho más frío, mucho mejor. Kwa kuwa "sana" yetu inafanya kazi ya "muy" na ya "mucho", wengi husema "muy más" au "muy mejor". Mbele ya más, menos, mejor na peor weka "mucho", usiweke "muy". Na hali inapozidi kubadilika, kama bei inavyozidi kupanda, tumia "cada vez más": Todo está cada vez más caro.

Misemo ya kubeba

Kihispania cha mitaani kina tashbihi za "más... que" zisizohesabika. Más claro que el agua, wazi kuliko maji, kwa jambo lisilo na shaka. Más terco que una mula, mbishi kuliko nyumbu. Más sordo que una tapia, kiziwi kuliko ukuta. Más feliz que una perdiz, mwenye furaha kuliko kwale, ambayo imependwa kwa vina vyake. Ninayoipenda mimi ni "más largo que un día sin pan", mrefu kuliko siku isiyo na mkate, kwa hotuba au foleni isiyokwisha. Aliyeitunga aliijua njaa. Beba mbili tatu, uzitamke mpaka zikae mdomoni. Kila moja inakufundisha mpangilio uleule wa "más" mbele na "que" nyuma, na hutausahau.

Na pale tunapoanza na "heri" au "bora", wao huanza na "más vale". Más vale tarde que nunca, heri kuchelewa kuliko kutofika kabisa. Más vale pájaro en mano que ciento volando, heri ndege mmoja mkononi kuliko mia wanaoruka. Sisi tunasema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Hapo mbele ya "ciento" ni "que", ingawa ni namba, kwa sababu kinacholinganishwa ni ndege hawa na ndege wale. Hakuna anayesema wamezidi mia.

Umeona "nunca", kamwe. Tunaposema "kuliko wakati wowote" au "kuliko mtu yeyote", Kihispania kinaweka neno la kukanusha: más que nunca, más que nadie, más que nada. Corre más que nadie: anakimbia kuliko mtu yeyote.

Mtego mmoja umebaki. "Napenda chai kuliko kahawa" ukitumia "preferir", usiweke "que": Prefiero el té al café, na hiyo "al" ni "a" iliyoungana na "el". "Superior" na "inferior" nazo zinachukua "a". Ukitaka "que" yako ibaki, tumia kitenzi kingine: Me gusta más el té que el café.

Jipime

Funika majibu, ujaribu kwanza kwa sauti.

Dada yangu mkubwa anaimba vizuri kuliko mimi.
Safari ilichukua zaidi ya saa sita.
Chakula hiki ni kitamu kuliko nilivyotarajia.
Hana marafiki wengi kama wewe.
Huu ni mto mrefu kuliko yote nchini.
Leo kuna joto kuliko wakati wowote.

Ya kwanza: Mi hermana mayor canta mejor que yo. Ukisema "canta más bien", rudia sehemu ya "mejor". Ya pili: El viaje duró más de seis horas, kwa sababu ya namba. Ya tatu: Esta comida está más rica de lo que esperaba, -vyo- imeleta "de lo que", na "rica" imefuata "comida". Ya nne: No tiene tantos amigos como tú. Ya tano: Este es el río más largo del país, na "del" ni "de" na "el" pamoja, ukiweka "en el país", -ni imekuponza. Ya sita: Hoy hace más calor que nunca. Joto na baridi ya hewa huenda na "hace", haviendi na "es".